Herufi za Kushika kwa Vidole

Bibi Vidole wangu,

Shikamoo dada. Na wewe shemeji unayemsomea, shikamoo, ila nakuomba usome yote kama yalivyo. Usiruke pale ninapokutaja, maana dada anaijua sauti yako inapodanganya. Na nyinyi wengine mliokaa hapo barazani Tabora mkitega masikio, karibuni, sogeeni. Barua hii haina siri. Ina swali, na kadiri wanavyolisikia wengi ndivyo nitakavyofurahi.

Huku Nyaishozi tu wazima. Baba anakohoa asubuhi, akishafungua duka kikohozi kinaisha. Maharage yametoa maua. Mama anasema nyumba imekuwa kimya tangu uolewe, halafu anasema mimi napiga kelele. Sijui yupi kati ya hao mama wawili nimwamini.

Dada, nilitaka kukuandikia hii kwa shanga, kwa zile herufi zetu za kushika. Wallahi nilianza! Nikashona salamu peke yake, kitambaa kikajaa, mama akapita akauliza, "Unatengeneza mahari?" Nikaona habari zote nilizonazo zingehitaji mpagazi wake mwenyewe. Basi nimerudi kwenye wino, na wewe umerudi kusomewa na mtu. Hilo linaniuma, na ndilo linalonifanya niandike.

Unaikumbuka ile karatasi? Baba alinituma Bukoba na wapagazi kuchukua glasi za taa. Niliporudi tukafungua sanduku pale uani, glasi zimeviringishiwa karatasi nene ya ajabu, haina wino hata kidogo, ina vipele mwili mzima. Nikapiga kelele, "Jamani, karatasi imeugua ndui!" Wewe ulikuwa unachambua maharage. Ukacheka mpaka ungo ukayumba. "Ilete hapa," ukasema, "sisi ambao ndui ilitula macho tunajuana."

Ukaipapasa. Kwanza kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza mbuzi, halafu kwa ncha ya kidole. Ukaacha kucheka.

"Sudi, hivi havikujitokea tu. Vimepangwa."

"Vimepangwa vipi?"

"Hiki hapa kimerudi tena. Na hapa tena. Mtu anasema kitu."

Nikainama kutazama, ukanivuta sikio, ukanifunga macho kwa ncha ya kanga yako. "Acha kutazama, utaharibu." Ukaushika mkono wangu ukautembeza. Mimi nilihisi mchanga. Wewe ulishaona vyumba: viwili juu, viwili kati, viwili chini, basi. Kila herufi nyumba ya vyumba sita, vingine vina mtu, vingine vitupu. Hakuna aliyekwambia. Mpaka leo najiuliza vidole vyako vilijuaje kabla ya kichwa changu, na mimi ndiye niliyejisifu kwamba nimejifunza kusoma herufi za Kizungu peke yangu kwenye marobota ya nguo!

Safari iliyofuata ya Bukoba nilikuwa wa kwanza kujitolea. Nikamwendea Bwana Jivan, yule Mhindi aliyetuuzia glasi, dukani kwake, hata salamu nikaisahau, nikamwekea karatasi mezani. Akaigeuza, akajikuna kidevu. "Aa, hii ya wasioona. Kwetu Bombay wapo wanaosoma hivi, kwa kidole."

"Inasema nini?"

"Mimi nina macho, kijana. Nitajuaje?"

Dada, nilikaa chini palepale kwenye gunia la chumvi. Maana yake wapo! Mbali huko kuna watu kama wewe, wamekaa mahali, wanasoma, na mwenye macho akisimama karibu yao ndiye mjinga. Nilipokuletea habari hiyo uliniuliza jambo moja tu: "Wanawake pia?" Nikasema sikuuliza. Ukaninunia hadi magharibi.

Baba hakutaka makuu. Unakumbuka alivyosema? "Huyu Kurani nzima imo kifuani. Wenye macho hapa Nyaishozi wangapi wanaweza hivyo? Mnamtafutia nini tena?"

Na wewe, bila kupandisha sauti: "Baba, yote niliyonayo nimelishwa. Kila tonge nashukuru. Lakini na mimi natamani kunyoosha mkono kwenye sinia nichague mwenyewe."

Baba aliinuka. Alikwenda kumpimia mtu chumvi, akampimia nyingi kupita kiasi, mtu akaondoka haraka.

Ile karatasi hatukuijua lugha yake, wala ufunguo wake hatukuwa nao. Ndipo ukasema, kama si yao basi yetu. Tukachukua nyumba ya vyumba sita tukaigawa upya. Wewe ndiye uliyeamua A iwe punje moja tu. "Inakuja kila mahali," ukasema, "tusijichoshe." Mimi nilitaka zifuate mpangilio wa herufi, moja, mbili, tatu, kama askari. Ukaniita karani wa boma. Na punje zenyewe, akili zetu ziliishia hapo! Tulichukua buni za akamwani, zile za kuchemshwa na majani na kukaushwa kwa ajili ya kutafuna, kwa sababu ni kubwa na zinakaa vizuri kidoleni, tukazishona kwenye kipande cha nguo ya magome. Wapwani gani sisi, tuliozaliwa Karagwe, tumelelewa na watu wa Karagwe, tukasahau mgeni akiingia nyumbani huku anapewa nini?

Akaja Mzee Kagaruki, jirani. Wewe umeiacha barua yako ya kwanza kwenye kigoda cha barazani, imeanikwa, inaningoja. Mzee akaketi, akaangaza, akaona buni zimepangwa safi juu ya nguo ya magome. Mimi natokea dukani namkuta anang'oa, anatafuna, anang'oa, anatafuna, ametulia kabisa.

"Waitu, ndugu zangu, nyie Wapwani mna adabu," akaniambia. "Mnamshonea mgeni kahawa isidondoke!"

Ukatoka na fimbo yako, ukapapasa kigoda. "Nani amekula maneno yangu?"

Mzee akaacha kutafuna. "Maneno?"

"Hapa palikuwa na salamu, na jina la mama, na swali kwa Sudi."

"Basi mwanangu," akasema Mzee taratibu, "salamu nimeipokea. Mama yenu ni mtamu. Hilo swali ndilo lililokuwa na ugumu kidogo."

Baba alicheka mpaka akashika mlango. Nadhani siku ile ndiyo alipokubali, maana kesho yake alileta mwenyewe shanga nyeusi, zile kubwa zisizonunuliwa, akaziweka mapajani mwako. Tukashona kwenye kitambaa cha merikani. Ukaniandikia, nikakuandikia. Mambo ya kipuuzi: nani kapika ndizi zikaungua, shangazi gani anakoroma. Lakini yalikuwa yetu, hakuna aliyesimama katikati. Uliwahi kuniandikia neno "nenda" ukaliacha peke yake mlangoni kwangu. Nikauliza niende wapi. Ukasema, "Popote. Nilikuwa naonja tu kumwamuru mtu bila kufungua mdomo."

Tangu uondoke, kichwa changu hakilali. Huko Bukoba nimesikia sanduku linaloimba, la Mjerumani mmoja. Wanaweka sahani, wanazungusha mkono wa chuma, sauti ya mtu asiyekuwepo inatoka. Watu wanacheza. Mimi nikasimama nawaza: kama linaweza kutunza wimbo, kwa nini lisitunze somo? Mwalimu aseme mara moja, mtoto asiyeona alisikilize hata mara mia, asiombe radhi kwa mtu. Na kule Kanoni kuna kijana wa mfua vyuma, hasikii tangu kuzaliwa. Yeye na baba yake wanazungumza kwa mikono juu ya moto, haraka kuliko mimi ninavyosema, na wanataniana mpaka baba anamrushia koleo. Nikauliza, "Alikufundisha nani?" Baba mtu akasema, "Yeye ndiye kanifundisha. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Dada, hii dunia imekaaje? Kama mikono inaweza kusema na vidole vinaweza kusoma, nani alituambia shule ni macho na masikio peke yake?

Sasa njoo kwenye swali lenyewe. Shemeji, kunywa maji kwanza.

Hadithi ya Mzee Kagaruki ilitembea. Ilifika Kituntu. Juzi akaja mama mmoja, miguu ina tope, amemshika binti yake mkono. Akauliza mlangoni kwa Kinyambo, halafu kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Hapa ndipo nyumba ya maneno yanayoliwa?"

Binti anaitwa Kokushubila, sisi tumeshamwita Koku. Meno ya mbele yameng'oka, mapya ndiyo kwanza yanachungulia. Maradhi ya macho yalimshika mwaka jana, yakaondoka na kuona kwake kote. Mama yake akaniambia bila kuzunguka, "Nyumbani wanamkalisha pembeni kama mtungi. Wanampa chakula, hawampi kazi, hawampi habari. Nimesikia dada yako aliandika. Mfundishe huyu."

Nikamwambia dada hayupo, kaolewa Tabora.

"Wewe si ulikuwa unamsoma? Basi unajua."

Nikamletea Koku kile kitambaa chako cha zamani, cha yale ya shangazi anayekoroma. Dada, ungemwona! Hakupapasa. Alikikamata. Akaweka kidole kwenye A, ile shanga moja tu, akauliza, "Huyu mbona yuko peke yake?" Nikamwambia ni A. Akaitafuta nyingine. Akaipata. Akaipata na ya tatu, akaanza kucheka, mama yake akageukia ukutani.

Jioni hiyo nikaenda kulala na furaha, asubuhi nikaamka na hofu. Kwa sababu safari yangu ya mwisho Bukoba, Bwana Jivan alinipa maneno mengine. Amemwomba ndugu yake Bombay amtumie ufunguo wa nukta za kweli, zile za watu wengi. Utakuja lini? Anainua mabega. Meli nyingi, mikono mingi, na huyo ndugu yake mvivu wa kuandika. Tena anasema hata huko Ulaya wenyewe wanabishana, huyu ana nukta zake, yule zake, bado hawajakubaliana zipi ziwe za wote. Lakini siku wakikubaliana, anasema, vitabu vitatoka kama mvua.

Nikimfundisha Koku herufi zetu sasa, vidole vyake vitazizoea. Siku ufunguo wa kweli ukija itambidi ayavunje yote aliyojenga aanze upya, na sijui kama kidole kinasahau. Wewe ulinipiga konzi nilipotaka kubadilisha herufi moja tu, unakumbuka? Ukasema imeshaingia damuni. Nikingoja, labda nangoja kitu kisichokuja. Na muda haupo. Kina Koku wakishavuna maharage wanahama Kituntu, wanakwenda kwa watu wa baba yake, kule Kyerwa karibu na mto, na mama yake ameniambia wazi, "Huko hakuna atakayemtembeza mpaka hapa. Ndiyo sasa au basi." Huko atarudi pembeni kama mtungi.

Baba nimemuuliza. Amesema, "Mwenye njaa haambiwi angoje wali." Mama nimemuuliza. Amesema, "Usimfundishe mtoto njia inayoishia mlangoni kwako." Wote wawili wamesema kweli, halafu wakaniachia mzigo.

Leo Koku amekuja tena. Ameshashika herufi za jina lake lote, na ni jina refu, dada, halina huruma. Amekaa kwenye mkeka, shanga mapajani, mama yake kaenda kununua chumvi. Akaniuliza, kwa sauti ile ya watoto wasiojua kwamba wanauliza kitu kikubwa:

"Nikishajua zote, nitamwandikia nani?"

Unanijua, mimi huwa nina jibu hata kwa kisichoulizwa. Safari hii nikakunja vidole. Nikahesabu wasomaji wa herufi zetu duniani, nikakupata wewe na mimi. Na mimi sitakaa Nyaishozi milele, miguu inaniwasha. Nikamwambia, "Subiri, nina mtu wa kumuuliza." Akasema haya, akaendelea kushona.

Msafara unaondoka kesho asubuhi na barua hii, nami namwambia mkuu wa msafara asikae njiani. Nakuaga, Bibi Vidole. Mungu awape afya wewe na shemeji na wote hapo barazani, na mkae mkiongea kwa sauti, kimya hakimfai mtu. Usimwachie shemeji akujibie kwa maneno yake. Lakini jibu kabla ya mavuno, nakusihi.

Maana wewe ndiye uliyelishwa tonge miaka yote, kisha ukanyoosha mkono. Kama ungekuwa umekaa hapa kwenye mkeka, mkono wa Koku umo mkononi mwako, ungekiweka kidole chake kwenye shanga zetu leo, au ungekizuia kingoje? Ungefanya nini, dada?

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
Sudi