Siku Jina la Ndesario Lilipoitwa Kwenye Mfongo

Jumamosi, Njoro. Jua la Desemba linachoma, na mlima umekaa wazi tangu alfajiri, hauna hata kawingu. Mwili wote unauma. Moyo nao umejaa, sijui niuweke wapi.

Nimetoka Kilema kusafisha mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji migombani. Safari hii niliwachukua watoto wa marehemu kaka yangu, Neema na Brayani, waliokuja Krismasi kutoka Dar. Watu wazima hao, wana kazi zao, lakini kihamba cha kwao, lile shamba la ukoo, wanakijua kwa picha tu.

Njiani nikawapa historia. Nikawaambia baba wa babu yangu, Mzee Ndesario, alikuwa mmoja wa waliouchimba, na usiku chui alikuwa anamlindia vifaa.

"Bamdogo, hiyo kamba," Brayani akasema. "Chui alikuwa na kitambulisho cha mlinzi?"

Nikawaonya pia wajiandae, maana kule juu mimi ni mtu mkubwa, jina langu litaitwa mbele ya kadamnasi.

Tukafika kwenye mwamba. Jamani! Nimepita pale tangu utoto, ila leo niliutazama pamoja na wageni. Mfereji umeng'ang'ania ubavu wa jabali, chini korongo. Wazee walichoma moto juu ya jiwe, likishika joto wakalimwagia maji ya baridi, likapasuka, wakachokoa kwa miti iliyochongwa. Kidogo kidogo, mpaka maji yakapita.

Na maji yenyewe ukiyatazama, yanapanda mlima!

Neema alitupa jani. Likaelekea kule tulikodhani ni juu. Akalifuata kwa macho mpaka likapotea kwenye kona, kisha akaweka kiganja juu ya jiwe, akakaa hivyo.

Brayani hakusema tena kwamba ni kamba.

Utaratibu wetu ni huu, na hapo ikabidi niwaeleze ukweli: kabla ya kazi, mwenyekiti wa mfongo anaita kila nyumba. Haiti walio hai, hata wewe uwe nani. Anaita jina la aliyechimba, na mtu wa nyumba hiyo anajibu, "Yupo." Likiitwa mara tatu kimya, nyumba inakosa zamu ya maji msimu mzima. Na migomba yetu imeshaanza kukunja majani.

"Ndesario!"

Mimi, mdomo wa Njoro nzima, nikashindwa kuitika. Jina lile kutajwa pale, juu ya jiwe alilolipasua mwenyewe. Sauti ikagoma.

"Ndesario!"

Watu wakageuka. Jirani mmoja akacheka, "Leo bomba la maneno limeziba!"

"Ndesario!"

"Yupo!"

Alikuwa Neema. Korongo zima likamrudishia.

Mwenyekiti akavitazama viatu vyeupe vya Neema. "Wewe nani kwake?"

"Kilembwe wake. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika jembe, kilembwe."

Akashika. Viganja vimetoka malengelenge na anawaonyesha watu wote kama medali. Maji ya zamu yetu yapo.

Lakini tangu nirudi kuna kitu kinanitafuna. Pale mwambani hawaiti waliosimulia. Wanaita waliochimba.

Mimi nimechimba nini?

Chini ya kihamba chetu kuna kipande cha mfongo kimebomoka. Brayani anataka tukijenge kabla hajarudi Dar. Nimemwambia jembe moja ni langu.