Mguu wa Baba na Mshipa wa Yakobo

Jumatatu, 17 Novemba

Basi limechelewa tena. Nimefika kwa Mzee Saul viatu vimelowa. Yeye yuko mezani tayari, kitabu chake kikubwa kimefunguliwa, anasoma kwa sauti na kubishana na watu waliokufa zamani. Ndivyo Wayahudi wanavyosoma. Kila wiki wana sehemu yao ya Torati, na dunia nzima wanasoma ileile. Wiki hii ni Isaka na mapacha wake.

Nimemwogesha. Dawa. Supu ya kuku kwenye sufuria yenye utepe mwekundu. Mwekundu ni nyama, bluu ni maziwa, na dini yao haichanganyi. Nilipoanza kazi hapa niliosha vyote pamoja, akatazama sinki kama aliyeona nyoka. Sasa mimi ndiye polisi wa jiko. Akija mgeni na jibini, namwonyesha kabati lake.

Naipenda kazi hii. Nyumba ina joto, na mzee anacheka.

Kwetu, Baba hajashuka ngazi tangu jana. Nyonga. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Jumatano, 19 Novemba

Hospitali na Baba. Daktari alionyesha picha. Mfupa wa nyonga ulivunjika zamani, ukaunga vibaya, sasa umelika. Wanataka kuutoa, waweke wa chuma. Nafasi ipo tarehe 16 Desemba.

Baba alisikiliza vizuri, amevaa suti. Halafu akakataa.

"Hii haiko ugonjwa, donc, iko ushuhuda. Mungu alinigusa pale Ruzizi, kama Yakobo. Docteur anataka kutoa kitu chenye Mungu aligusa?"

Nilitafsiri. Daktari akaniangalia mimi, kana kwamba nimeyatunga.

Habari ya Ruzizi naijua kwa moyo. Tulivuka mto usiku tukikimbilia Burundi. Mama alimshika yaya Furaha, dada yangu mkubwa; kaka Bosco alishika koti la Baba. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Baba. Mguu wake ukaingia kati ya mawe, akaanguka upande, hakuniachia. Kulipokucha alikuwa akichechemea, na sisi sote tulikuwa ng'ambo. Yeye mwinjilisti, alishatembea milima yote ya Fizi, kwetu Kongo, kwa miguu. Akafungua kitabu cha Mwanzo, akajiona katika Yakobo.

Hivyo kila akikanyaga vibaya, najua ni uzito wangu ule. Hajawahi kunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi angenilaumu.

Ijumaa, 21 Novemba

Yaya Furaha amepiga simu kutoka Louisville. Nyumba yake haina ngazi. Anasema kama Baba hataki kupasuliwa, hawezi kuishi kwangu juu kama njiwa. Atakuja kumchukua.

Ana haki. Sipendi yaya akiwa na haki, anaongea polepole.

Sitaki Baba aondoke. Ndiye anayemsubiri mwanangu Neema akitoka shule. Neema anamjibu kwa Kiingereza, yeye anamjibu kwa Kiswahili, wanaelewana kuliko mimi na yeyote kati yao.

Jumatatu, 24 Novemba

Daktari ameacha ujumbe nithibitishe au nifute ile nafasi. Sijafanya lolote kati ya hayo. Baba alitulea kwa methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo mkuu mwenyewe hasikii, na guu tayari limevunjika.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bosco kafika kutoka Columbus na mbuzi mzima kwenye barafu, kutoka maduka ya Morse Road. Kwake bata mzinga wa Wamarekani ni adhabu. Tumekata, tumekaanga, tumechemsha. Nyumba nzima inanuka vizuri. Baba aliomba muda mrefu mpaka ugali ukapoa, na hakuna aliyekasirika.

Nimetenga mguu mmoja wa nyuma. Kwetu paja ni la mtu wa heshima. Nitampelekea Mzee Saul. Nguruwe nisingethubutu. Lakini mbuzi? Nimeangalia Walawi kabisa: anacheua, kwato zimepasuka. Safi. Bosco aliusindikiza ule mguu kwa macho hadi kwenye friji.

Ijumaa, 28 Novemba

Najiona mjinga, ila mjinga mwenye furaha.

Mzee Saul alifunua karatasi, akaona mguu, akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani namuua. Kisha akanishika mkono na kunishukuru, mara nyingi, kwa adabu. Hawezi kuula. Kwanza mbuzi hakuchinjwa na mchinjaji wao. Hilo nilikuwa nalijua, nilisahau. La pili sikulijua: ule mshipa mkubwa unaopita kwenye paja Wayahudi hawauli. Tangu zamani. Kwa sababu usiku ule Yakobo alipigana mieleka na yule mtu aliyetoka kwa Mungu hadi alfajiri, akaguswa nyonga, akaondoka anachechemea. Kuutoa mshipa ni kazi ngumu, kwa hiyo sehemu nyingi hapa wanaacha nyuma yote ya mnyama.

Na wiki ijayo ndiyo sehemu yao ya kusoma! Anasema nisingeweza kuleta nyama mbaya kwa wakati mzuri zaidi.

Mstari huo wa mshipa nimeusoma tangu utoto. Uko mwishoni mwa sura, nimeupita kila mara.

Nikamweleza kuhusu Baba. Akaacha kucheka. Aliuliza maswali mengi: mto upi, nani alikuwepo, watoto wangapi. Yeye mwenyewe ana chuma nyonga zote mbili. Akasema nimlete.

Nimeutoa mguu nyumbani mwake kabla ya Sabato yake kuanza. Bosco aliupokea mlangoni kwangu. Hakuuliza lolote.

Jumapili, 30 Novemba

Baba ameanguka kwenye ngazi, tukienda kanisani. Ngazi ya mwisho, namshukuru Mungu. Hakuvunjika. Alikaa pale chini, kofia imeruka, akasema amepumzika tu. Watu wa ghorofa ya chini wakatoka. Aliwasalimia wote kama aliyeketi kwake.

Nimekasirika. Nimekasirikia ngazi, Baba, mfupa, na Yakobo pia.

Yaya amesikia. Anakuja Jumamosi na gari. Jumatatu wanaondoka.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeuliza ofisini kama naweza kumpeleka Baba kwa Mzee Saul. Wanasema siku yangu ya mapumziko, kama mgeni, mwenye nyumba akitaka, sawa.

Nimemwambia Baba kwamba mzee wangu wa North Buffalo anamkaribisha Jumapili. Sikusema habari ya nyonga. Baba aliuliza kama kweli ni Myahudi kabisa, baba na mama. Nikasema ndiyo. Akaomba pasi ya nguo.

"Nitaenda kuona mutoto wa Yakobo," akamwambia Neema. Amekuwa hivyo tangu jioni, anatembeatembea na kuchechemea kwa fahari.

Jumamosi, 6 Desemba

Yaya kafika. Kaleta mihogo, maharagwe na amri. Kabla ya kula amekwisha kupanga mashati ya Baba kwenye sanduku. Limesimama karibu na mlango. Kila nikienda jikoni nalipita.

Neema amelifungua na kuweka soksi zake ndani. Anasema naye anaenda. Yaya alizitoa kimya kimya. Nilimwona akifuta macho, tukasingizia vitunguu.

Jumapili, 7 Desemba

Nataka kuandika yote kabla sijachoka.

Tulifika mchana, theluji nyembamba. Yaya aliendesha. Wazee wawili walisalimiana mlangoni muda mrefu, mmoja na fimbo, mwingine na kigari chake cha kutembelea, hakuna aliyetaka kutangulia kuketi. Mwisho nikawaamuru wote wawili.

Chai bila maziwa. Nilitafsiri.

Baba alisimulia Ruzizi yote. Mzee Saul hakumkatiza, na huyo hukatiza hata redio. Baba alipomaliza, akagonga nyonga yake, akasema hii ndiyo barua Mungu alimwandikia, na madaktari wanataka kuichana.

Mzee Saul akasema wazee wao waliandika kwamba jua lilipomzukia Yakobo asubuhi ile, lilizuka kumponya. Baba akasema hilo halimo kwenye Biblia yake. Mzee Saul akakubali kwamba halimo. Nikaona tumeshindwa. Yaya akatazama saa.

Kisha Baba akauliza jambo lililokuwa likimuuma siku zote, ila mimi sikulijua. Nilidhani ni ukaidi.

"Bon. Mufupa ikitoka, nitembee sawa kama watu wote. Nani atajua kama tulivuka? Hawa watoto hawasemake. Huyu mudogo hata Ruzizi haijui."

Ni kweli. Hatusemi. Tuna kazi, tuna mabasi, tuna bili. Neema anajua tu kwamba babu ana mguu mbaya.

Nilitafsiri hadi katikati. Yaya akamalizia.

 Mzee Saul akasema hakuna mtu hai aliyemwona Yakobo akichechemea. Yeye, baba yake, babu yake, hakuna. Wanajua kwa sababu kuna nyama mezani hawaili, na mtoto huuliza kwa nini. Akasema mguu ni mahali pabaya pa kutunzia habari, maana mguu hufa na mwenyewe. Halafu akajigonga nyonga zote mbili, chuma kitupu, akasema naye bado ni mtoto wa Yakobo.

 Baba aliangalia mezani.

Baadaye akauliza: Yakobo aliguswa mguu upi? Mzee Saul akacheka. Kitabu hakisemi. Ndiyo maana wanaacha mshipa wa miguu yote miwili. Baba naye akacheka, kicheko cha tumboni, sijakisikia tangu Mama alipotutoka.

Kwetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui leo nani mgeni.  Nyumbani Baba alipanda ngazi akiwa katikati yetu, yaya upande huu, mimi ule.

Sanduku bado liko mlangoni.

Jumatatu, 8 Desemba

Baba aliamka kabla yetu, akavaa tai. Akatuketisha. Bosco kwenye simu, kutoka Columbus.

Anakubali operesheni. Ana sharti. Mbuzi akipikwa nyumbani kwa mtoto wake yeyote, Buffalo, Columbus au Louisville, paja haliliwi. Linapewa jirani. Na mtoto akiuliza kwa nini, anaambiwa Ruzizi yote, si nusu.

 Kisha Bosco:

"Paja yote, Baba? Bon, si tuache tu mushipa, kama Wayahudi benyewe?"

"Yote."

"Sawa, Baba." Sauti ya mtu aliyefiwa.

Yaya akaanza kuhuzunika kwamba ile nafasi ya hospitali itakuwa imeshakwenda, tutasubiri hadi kiangazi. Nikawaambia haijakwenda. Niliithibitisha siku Baba alipoanguka, jioni, bila kumwambia mtu. Baba alinitazama. Nikangoja kemeo.

Akasema mimi nilikuwa mzito hata mgongoni.

Yaya ameondoka na sanduku tupu. Alinikumbatia sana. Nampenda, hasa akiwa barabarani.

Jumanne, 16 Desemba

Wamemchukua asubuhi. Aliwaombea wauguzi wote, kwa Kiswahili, wakasema amina.

Nimekaa. Naogopa. Kahawa mbaya.

Bado.

Imekwisha. Salama. Amefungua macho, kauliza mfupa wameupeleka wapi. Nimesema sijui. Akasema haidhuru, tunajua sisi, akalala tena.

Ijumaa, 9 Januari

Baba anatembea na kigari kama cha Mzee Saul. Kila siku Mzee Saul ananiuliza ametembea hadi wapi, na kila jioni Baba ananiuliza mwenzake ametembea hadi wapi. Wanashindana. Mimi ndiye posta.

Jumapili, 8 Machi

Jua leo, ila baridi. Baba kapanda ngazi zote peke yake tukitoka kanisani. Nilikuwa nyuma yake. Mguu huu, mguu ule. Sawasawa. Ameacha fimbo kwenye gari la mchungaji na hakugundua.

Nimepika mbuzi. Paja nimelishusha ghorofa ya chini kabla ya kula. Neema aliona sahani ikitoka, akauliza kwa Kiingereza chake kwa nini tunatoa nyama nzuri.

Baba akanitazama. Akaendelea kula, akaniachia mimi.

Nikasimulia. Usiku, mto, koti aliloshika Bosco, Mama. Sikujua kama nitaweza. Niliweza. Neema aliacha kijiko. Nikafika kwenye mawe, nikasema babu akaumia mguu wa kulia.

"Kushoto," Baba akasema.

Nilikuwa mgongoni mwake. Nimemwona akichechemea maisha yangu yote. Miezi mitatu tu, na nimesahau. Baba hakukasirika. Alicheka, akasema kumbe Wayahudi wana akili, mbuzi ajaye tutoe mapaja yote mawili.

Sasa wamelala. Nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi tangu Novemba, nikitafuta. Popote nimeandika nyonga, mguu, mfupa. Upande sikuandika.

Kushoto. Ulikuwa mguu wa kushoto.