Nilimletea Mama Mkwe Chokoleti Zenye Pombe

Dada Bilha mpendwa, naomba unisaidie haraka, likizo yangu inaisha na nikirudi Ujerumani bila jibu lako sitapata usingizi.

Mimi ni mtu wa Mutomo, nafanya kazi huko kwa ghala la vyakula, na mwezi uliopita nikija nyumbani nilisema siendi kwa mama mkwe mikono mitupu, basi nikanunua maboksi ya chokoleti zile za duara zimefungwa karatasi ya dhahabu, na kwa sababu jua la kwetu halina huruma nikauliza kila mtu vile nitazibeba, wakaniambia nisiziweke kwa begi la mkononi, niziweke kwa sanduku kubwa katikati ya jaketi na sweta maana huko chini ya ndege ni baridi, nikafanya hivyo, na kutoka Nairobi nikazipakata kwa kiboksi cha barafu mpaka Mbumbuni kwa wakwe zangu, na hakuna hata moja iliyoyeyuka. Nilijiona bingwa.

Lakini boksi sikusoma. Ndani ya kila chokoleti kuna brandi.

Sasa ujue mama mkwe ni nani. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na ndiye alimwaga mtungi mzima wa kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, wa mume wake mwenyewe, Mzee Ndululu, mbele ya wageni, na tangu siku hiyo mzee hunywa chai tu. Zile chokoleti yeye hakuonja hata moja kwa sababu ana ugonjwa wa sukari, akazipeleka kwa maombi ya Alhamisi awagawie wenzake, wakazipenda sana, na sasa hayo maombi yanajaa, hata waliokuwa wameacha kanisa wamerudi, wanaimba mpaka majirani wanauliza kuna nini, na mama anamshukuru Mungu akisema ni uamsho. Mimi nilijua siku Mzee Ndululu alipata moja iliyobaki, akaitafuna polepole, akaniita kando ya zizi la mbuzi, akaniambia, "Mwana wakwa, hii siri tuiweke sisi wawili. Na ukirudi huko usisahau wazee." Nikakimbilia boksi, nikasoma, nikaona neno brandi.

Juzi mama ametuma neno kupitia kwa mke wangu, Kanini, eti nimtumie katoni mbili za zile zile kwa kongamano la akina mama mwezi wa nane, na askofu atakuwepo. Kanini amekataa kumwambia ukweli, anasema lawama zote zitamwangukia yeye. Mimi nami siwezi, si unajua nthoni yetu Wakamba, mkwe haketi na mama mkwe wala kumtazama usoni, nikimwona njiani mimi huingia vichakani, sasa habari ya pombe nitaanzia wapi? Na nampenda yule mama, Dada. Alinikubali nikiwa sina mbele wala nyuma. Nitume, ninyamaze, ama niseme?

Jonah, Mutomo

*

Jonah, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, halafu nikaacha kucheka.

Kwanza nikugombeze kidogo. Mtu mzima, kazi yako ni ghala la vyakula, unahangaika na sweta na barafu kama umebeba chanjo ya watoto, na boksi husomi? Na watu wa forodha wangekuuliza umebeba nini ungewaambia nini? Kilicho ndani ya sanduku lako ni chako, hata kama hukijui.

Halafu unajidanganya kwamba hiyo ni siri ya nyumbani kwenu. Hao akina mama, wengine wao walikuwa wakipika kaluvu kabla ya kuokoka, na ulimi hausahau. Wanajua, Jonah. Wamejua tangu Alhamisi ya kwanza, wakanyamaza kwa sababu ni tamu na mwenyekiti mwenyewe ndiye anayegawa. Pale kuna mmoja tu asiyejua, ni yule ambaye hajaonja. Na huyo ndiye atakayesimama mbele ya askofu na katoni mikononi, na hao hao wanaoimba naye ndio watakaokuwa wa kwanza kujifanya wameshtuka. Hivyo ndivyo unavyomlipa aliyekukubali ukiwa huna kitu?

Usitume. Na Kanini mwache, hilo si lake. Nthoni inakukataza kumtazama mama mkwe, haikukatazi kumlinda na aibu. Nenda Mbumbuni kabla hujasafiri. Mama akiwa jikoni, wewe simama nje nyuma ya ukuta, Mzee Ndululu akae mlangoni, maana aliyekula utamu asaidie na uchungu. Ongea na mzee, lakini kwa sauti ya kumfikia mama. Sema kosa ni lako, hukusoma, na hukutaka aaibike. Usimtaje mzee na hiyo moja yake, nyumba ile inahitaji amani.

Za kongamano nunua za maziwa matupu, soma boksi pande zote, uzifunge kwa sweta vile vile, hapo hukukosea.

Mama akifoka, vumilia. Akinyamaza, ngoja hapo hapo ukutani. Na ukimsikia anacheka, usijisahau ukaingia ndani. Bado ni mama mkwe.