Kiatu juu ya shah

Garissa, Jumatano, 1966

Na bado nina hasira. Askari wa doria alitukuta sokoni, akasema watu watano waliochuchumaa pamoja ni mkutano, na mikutano imepigwa marufuku. Nikamwambia ni mchezo tu, ni shah, bao letu la kuchora mchangani, vijiti vyangu na kokoto za Nur. Akaufuta wote mchangani kwa kiatu, akaenda zake.

Huyu Nur muuza nyama simpendi. Ana majivuno, na miaka yote tunagombania nani bingwa wa mji. Leo nilikuwa nimembana, zimebaki hatua mbili nimshinde. Nikajua atasema tuanze upya.

Hakusema. Alichora mistari tena kwa kidole, akarudisha kila kijiti na kila kokoto mahali pake, hata ule mtego wangu uliomkaba.

"Warya, wewe bwana, cheza," akaniambia. "Utanishinda wewe, si kiatu cha mtu."

Nikacheza, nikamshinda. Askari alikuwa amerudi, amesimama kwenye kona anatutazama. Naogopa, sikatai. Wiki iliyopita walichukua watu kwa makosa madogo kuliko haya.

Lakini Nur ameapa kulipiza kushindwa kwake. Kesho alasiri nitakuwa palepale, vijiti mfukoni. Askari akitaka kutazama, atazame.