Wanataka Niandike Kwamba Gari Halijawahi Kugongwa

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimesimama kando ya meza ya gereji, maana nikikaa mguu unacheza wenyewe, na nikishika spana nasahau nilitaka kufungua nini, na hali hii imenianza tangu Jumamosi, dalali wa magari ya zamani aliponiletea karatasi ya kutia saini.

Mimi ni fundi wa bodi, nina miaka hamsini na tisa, na kwa miaka thelathini na moja nimelihudumia gari moja la spoti, jekundu, la viti viwili, ambalo dalali anasema ndugu zake waliobaki duniani hawafiki thelathini. Lilikuwa mali ya mpima ardhi aliyefariki mwaka jana, mtu wa kuandika kila safari na kilomita zake, kila tairi na tarehe yake, madaftari sita, na ndiyo maana mnunuzi kutoka nje ameling'ang'ania hili, anataka historia yake yote, kuanzia kadi ya kwanza hadi tamko la fundi kwamba halijawahi kugongwa. Mjane analiuza ili ahamie kwa binti yake, kwa sababu ngazi za nyumba yake zimemshinda.

Mshauri, lilishagongwa. Niliyeligonga ni mimi.

Miaka ishirini na minane iliyopita mwenyewe aliliacha kwangu nibadilishe breki, akasafiri kikazi siku tisa, nami nikamchukua mchumba wangu, ambaye sasa ni mke wangu, nikamwambia napima breki, tukaenda mbali, na wakati wa kurudi nikaongeza mwendo ili aone, nikaivaa nguzo ya lango la shule, boriti ya chesisi, fremu inayobeba gari, ikapinda mbele kushoto. Nililikokota hadi gereji, nikakata palipopinda, nikachomelea chuma cha lori, nikanyoosha madigadi, nikachanganya rangi kwa jicho, na mwenyewe aliporudi alilizunguka mara moja, akasema, "Haya, fundi," akaondoka nalo.

Dalali ameniachia madaftari ili nikumbuke tarehe, na ukurasa wa wiki ile nimeuona. Kilomita za kulileta zipo, za kulichukua zipo, tofauti ni arobaini na moja, na mbele yake neno moja tu, "Breki". Nilishusha pumzi, nikajua mzee hakushtuka. Baada ya hapo hakuliacha tena gari kwangu, alilileta asubuhi na kukaa kwenye kigoda karibu na kabati la rangi mpaka nimalize, tukipiga soga, na urafiki wetu ulianzia pale, hata mazikoni niliwekwa pamoja na wanafamilia.

Sasa dalali ananiambia, "Fundi, tia saini tu. Wewe ndiye shahidi pekee anayepumua. Wengine hata ukiwaita hawaitikii." Mjane naye amenipigia simu: "Mwanangu, ukisema wewe inatosha. Mzee hakumwamini mtu mwingine kwa gari lile." Nilipomgeukia mke wangu alinicheka: "Ulitaka kunionyesha mwendo, ukanionyesha nguzo. Hayo mengine usiniingize, baba, mimi nilikuwa abiria."

Mkaguzi wa mnunuzi atafika mwisho wa mwezi. Gari liko hapa gereji, na juzi niliingia chini yake na tochi, mimi mwenyewe nikakitafuta kile kiraka, ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikitia saini nitakuwa nimemdanganya mama, nisipotia bei itashuka na yeye hatanitazama tena. Nifanye nini?

Fundi asiyetulia

*

Fundi, kaa chini.

Nakuhurumia kwa mguu unaocheza, lakini kwa kiraka sikuhurumii. Uliposimulia usafi wake hukuwa ukiomba ushauri, ulikuwa ukiomba makofi, na makofi sina.

Usitie saini. Mnunuzi huyo ananunua chuma pamoja na maandishi, na ukiingiza uongo mmoja, madaftari yote sita ya marehemu yatatiliwa shaka, na atakayeitwa kujibu ni mjane. Kiraka kilichoandikwa hupunguza bei. Kilichofichwa, mkaguzi akikiona, huvunja mauzo, na ngazi zile mama ataendelea kuzipanda.

Sasa nikuulize. Marehemu alikuwa mpima ardhi. Umbali ndio uliokuwa kazi yake. Breki hazipimwi kwa kilomita arobaini na moja. Wewe unajua, na yeye alijua. Tangu wiki ile ile, kama ulivyoniambia mwenyewe, hakuliacha tena gari kwako. Alikaa kwenye kigoda akisubiri. Sikuwapo, siwezi kuapa alijua kiasi gani. Lakini mtu asiye na shaka huliacha gari akaenda zake.

Usikimbilie kusema kwamba hata urafiki ulikuwa wa uongo. Angetaka kulilinda gari tu, angetafuta fundi mwingine. Nadhani alikuja kulinda gari, akabaki kwa ajili yako. Na miaka yote hiyo alikuwa hatua mbili kutoka ulipo, hana haraka, nawe ukamsimulia kila kitu isipokuwa hicho.

Basi, leo hii pandisha gari, kipige picha kiraka, kisha uandike kwa mkono wako ulikata wapi, ulitumia chuma gani na mwaka gani. Usiandike kwamba gari lilipata hitilafu. Andika kwamba uliligonga. Kesho asubuhi umpelekee mama karatasi hiyo kabla dalali hajaiona, na kazi ya kurekebisha bei uwaachie wao. Mkeo asiende, amesema kweli, alikuwa abiria. Wala usianze kwa machozi, maana mama atalazimika kukubembeleza, na aliyekosewa ni yeye.

Fungua daftari kwenye ukurasa ule, umwonyeshe neno "Breki", kisha umsimulie yaliyobaki. Akikufukuza, toka kwa adabu na karatasi uiache mezani. Asipokufukuza, kaa mpaka amalize maswali yake yote, hata yakichukua siku nzima. Mumewe alikaa kwenye kigoda chako miaka ishirini na saba.