Meli Moja na Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usicheke, maana kila niliyejaribu kumweleza alianza kwa kucheka, na mimi moyo wangu sasa hivi hauko kwenye kucheka. Mimi ni mama wa makamo, naishi Ibighi hapa mjini Tukuyu, nimeolewa kanisani, watoto wameshakuwa watu wazima, naimba kwaya ya akina mama, shule niliishia la nne kwa hiyo nikikosea kuandika univumilie, na jina langu tafadhali lisitoke gazetini.

Mshauri, mimi natengeneza meli. Si meli za kupanda watu, ni za mfano, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, za mbao na bati la makopo. Tuko wengi, tuna chama, na mwenyekiti wetu ni Athuman fundi seremala, mtu wa Tabora aliyehamia huku. Chama kilianza pale mali za nje ziliporuhusiwa kuingia nchini, Athuman akanunua mnadani boksi la vitu vilivyotumika, ndani yake akakuta meli ya mfano imevunjikavunjika, akaiunganisha kipande kwa kipande, ilipokamilika akaona haitoshi, akachonga nyingine, watu wakawa wanaingia kuchungulia na wakiingia hawatoki. Mimi nilikwenda kuchukua kigoda changu kilichovunjika mguu. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, unajua kwetu unavyoshuka, hata migomba ya jirani huioni, na ile meli ilikuwa imewekwa dirishani mbele ya ule weupe wote kama iko safarini, inakwenda taratibu, haina haraka na mtu. Nilirudi nyumbani sina kigoda.

Mtendaji wa kata alipopita akauliza, "Chama gani hiki, kimeandikishwa? Mnagombea nini?" maana ndiyo miaka hii ya vyama vingi, Athuman akamjibu, "Bwana mkubwa, sisi ikulu hatuitaki, tunataka gundi tu." Na mume wangu Hezron, ambaye tangu shirika lao lifungwe anauza mitumba sokoni, hunitania nikirudi, "Nahodha wangu, leo umetia nanga wapi?" lakini kunikataza hajanikataza.

Kazi yangu mimi ni kamba na vizuizi vya pembeni, nasokota kwa nyuzi za mgomba, na nikishaanza kusokota akili yangu inatoka Ibighi inakwenda zake. Naiona meli inapita katikati ya mashamba ya chai, chai imekuwa maji, wachumaji wanasogea pembeni na makapu yao ili ipite, inapanda mpaka Mlima Rungwe na huko juu inaendelea tu kwenye mawingu. Hata kanisani mchungaji akisoma habari za safina, wenzangu wanawaza gharika, mimi nawaza ile lami Nuhu aliipaka kwa kutumia nini. Mungu anisamehe, lakini sijaona kama ananichukia kwa hilo.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Wewe labda si wa kwetu, kwa hiyo nikueleze kwamba sisi Wanyakyusa mwanamke humkwepa baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hazungumzi naye, hakai naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mwanamke anaingia shambani, anampa mgongo mpaka apite. Jina lake halitaji, ndiyo maana na hapa siliandiki. Siku hizi wapo walioacha, wanasema ni mambo ya zamani, lakini mimi nimeishika heshima hiyo tangu niolewe na mzee naye ameishika, hata kikombe cha maji sijawahi kumpa kwa mkono wangu. Sauti yake naijua kwa kuisikia ng'ambo ya ukuta.

Mama mkwe alipofariki, wifi yangu Sekela alimtoa mzee kijijini kule Kinyala akamleta kwake, hapa hapa Ibighi. Ujanani mzee alikuwa akichochea moto kwenye meli ya moshi huko Ziwa Nyasa, basi aliposikia kuna chama cha meli akachukua fimbo akaja. Alikuja asubuhi, kwa sababu macho yake yanafifia na mchana wingu likishafunga haoni vizuri. Mimi nakwenda mchana, baada ya kupakua chakula. Athuman alipogundua kwamba tu wa nyumba moja alifurahi mno, akaniambia, "Mama, nimewapangia meli moja wewe na mzee. Nyie si ndugu? Mtasaidiana." Maskini, yeye aliona anatufanyia wema, hakujua. Na mimi badala ya kumwambia pale pale nikaona haya, nikajikuta nasema, "Ndaga, asante sana." Nikajipa moyo kwamba yeye asubuhi, mimi mchana, hatutaonana, ubaya uko wapi.

Mshauri, sikujua kwamba watu wanaweza kuzungumza bila kuonana. Mimi nilikuwa nimeweka bomba la moshi limesimama wima, wiki iliyofuata nikalikuta limelazwa kidogo kwa nyuma. Nikalisimamisha. Nikalikuta limelazwa tena. Nikafoka, nikauliza nani anachezea meli yangu, Athuman akacheka mpaka akaweka randa chini, akasema, "Mzee ameuliza, nani huyu anayetaka kusafiri na nguzo ya umeme?" Nikaliacha lilale, na kweli meli ikapendeza, ikawa kama inasukumwa na upepo hata ikiwa imekaa rafuni. Halafu nikatengeneza kiti kidogo cha matete, nikakiweka mbele kabisa ya meli, nikiwaza kwamba mchochea moto naye akichoka akae mahali aone maji. Niliporudi nilikikuta kimehamishiwa nyuma, kwenye kivuli cha kibanda, na ubavuni mwa kiti amechongwa mtu mdogo ameketi, miguu ameinyoosha. Nilielewa kabisa, kana kwamba ameniambia kwa mdomo, mama, huko mbele kuna upepo mkali, sisi tulikuwa tunapumzikia huku. Nilikaa kwenye vumbi la mbao nikalia, na sijui nilikuwa nalilia nini. Miaka yote hii nimeolewa kwa mtu huyu na sikuwahi kujua kama alikuwa anachoka.

Sasa chama kimepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukodi gari twende Ziwa Masoko, lile la kwenye shimo la volkano, tuziteremshe meli zetu majini kwa mara ya kwanza. Na sharti la chama, tulilolipitisha wote na mimi nikanyoosha mkono, ni kwamba meli inateremshwa na mikono ya wote walioitengeneza, kwa pamoja, na mmoja asipokuwepo meli hiyo inabaki nyumbani. Sekela alikuja karakanani kuuliza habari za safari kwa ajili ya baba yake, Athuman akamwonyesha meli kwa furaha, "Hii ndiyo ya mzee na mama hapa." Wifi akanivuta nje.

"Gwe wifi, huna aibu? Baba anashika huku, wewe unashika huko?"

"Hatujaonana hata siku moja."

"Na Masoko je, mtafumba macho?"

Hakungoja nijibu. Akasema, "Ukitia mguu Masoko naita wakubwa wa ukoo, waulizwe kwenu kama hukufundwa ukweni unakaaje." Kisha akaanza kulia yeye mwenyewe. "Baba kila siku ananiuliza Jumamosi imefika? Daktari wa macho ameshasema tusitegemee sana kwamba mwakani ataona. Tafadhali wifi, kaa nyumbani."

Lakini mshauri, nikikaa nyumbani meli haiteremki. Nikienda, namvunjia mzee heshima mbele ya watu, na yeye hawezi kuniona nimesimama pale bila kuona haya. Ningejitoa kwenye chama, lakini nikijitoa sasa mzee atauliza kwa nini, na jibu lenyewe ni aibu. Hezron hajui kwamba ni meli moja. Anajua baba yake anakwenda na mimi nakwenda, lakini hilo moja sijamwambia, na kila siku linazidi kuwa zito. Nimesali na sijapata jibu, au nimepata nikalikataa. Je, nimetenda dhambi? Na je, niende au nisiende? Nijibu mapema, nakuomba, maana mwezi unakwisha.

Mimi nahodha wa nchi kavu, Tukuyu

MSHAURI ANAJIBU

Mama mpendwa, sikucheka. Pale kwenye kiti nilirudia kusoma, halafu nikaenda kumwuliza jirani yangu aliyezaliwa Rungwe, kwa sababu sipendi kushauri juu ya desturi ya watu nisiyoijua. Yeye naye aliomba nimsomee tena pale pale kwenye kiti. Kwa hiyo tumeshakuwa watu wawili ambao hatukucheka.

Dhambi siioni. Hukumtazama, hukuzungumza naye, hukuingia alimokuwa. Unachokiita kosa ni watu wawili wenye adabu kupendana kama baba na binti kwa njia pekee iliyokuwa wazi kwao. Lakini sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umestahili. Mama mtu mzima, umemficha mumeo jambo ambalo fundi analijua, wifi analijua, na sasa nchi nzima italisoma! Akilisikia kwa Sekela litakuwa limeshavikwa nguo nyingine. Umemwacha Athuman akiendelea kufurahia kosa lake, kisha ukanyoosha mkono kupitisha sharti unaloliogopa. Na kubwa kuliko yote, umeamua peke yako kwamba mzee hawezi hiki, mzee ataona haya kile. Nani alimwuliza? Mtu aliyeuliza habari za nguzo ya umeme unafikiri hajui anayemwulizia ni nani? Anajua, mama. Amejua tangu mwanzo, na kila wiki alirudi.

Basi fanya hivi. Mwambie Hezron leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, na umwambie yote, hata lile la kulia kwenye vumbi la mbao. Yeye ndiye mtoto wa mzee na yeye ndiye njia yako halali ya kufika kwake. Aende amwulize baba yake waziwazi: mkwe wako aje Masoko au asije? Mzee akisema usije, huendi, na hapo Hezron amwombe Athuman mbele ya wanachama alegeze sharti ili mzee aiteremshe meli peke yake. Utaumia, lakini utakuwa umemheshimu kweli, si kwa kubahatisha. Athuman naye aelezwe desturi yenu taratibu, bila kumfanya ajione mjinga. Ni mtu mwema, atajilaumu kupita kiasi msipomuwahi.

Mzee akisema njoo, uende. Usiende kwa kujificha nyuma ya watu. Panda gari lingine, au kaa mbele na dereva, mzee akae nyuma na mwanawe.

Sasa Sekela. Usimfanye adui, yeye anamlinda baba yake na hana kosa. Mtu anayelinda mpe kazi ya kulinda. Jirani yangu ndiye aliyenipa wazo hili na nimelipenda: achukue kitenge kikubwa, ashike ncha moja, mume wako ashike nyingine, wakivute wima pale ukingoni mwa maji, katikati juu ya meli yenyewe. Mzee awe upande mmoja ameshika mbele ya meli, wewe upande wa pili umeshika nyuma. Meli ipite chini ya nguo. Hatakuona, hutamwona, hamtakuwa mmesimama pamoja, na bado mikono ya wote walioitengeneza itakuwa imeiteremsha, kama mlivyokubaliana. Wakubwa wa ukoo wakija kuuliza, Sekela ndiye atakayewajibu, kwa sababu nguo ilikuwa mkononi mwake.

Mkishaiachia, usiondoke haraka. Mzee macho yake hayafiki mbali, kwa hiyo atakuwa anauliza imefika wapi, inakwendaje, imeinama au imesimama sawa. Hezron atamwambia. Na akimaliza kumwuliza Hezron, jirani yangu anasema wazee wa huko wana tabia ya kusema na chombo chenyewe, na ng'ombe, na jembe, kama mtu. Akianza kusema na meli, mama, wewe kaa kimya nyuma ya kitenge usikilize mpaka amalize.