Gari Langu Linakunywa Mafuta Kuliko Hesabu ya Mwanangu

Shangazi Aizawa, nisaidie kabla mwanangu hajaninyang'anya funguo za gari.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na nane, naishi kaskazini mwa Hokkaido, katika mji mdogo ambao treni iliacha kuja, kisha shule ikafungwa, na sasa hata muuza samaki kahamia kwa binti yake, kwa hiyo bila gari ni taabu kufika popote, na mimi gari ninalo, dogo, la siku nyingi, ila mwanangu Noriyuki anasema linakunywa petroli kama lori, na kwa nini linakunywa hivyo najua mimi peke yangu na sijamwambia mtu.

Mume wangu, Shuzo, maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la kuondoa theluji kwenye njia ya mlimani. Tangu mwaka juzi yuko katika nyumba ya wazee huko mji mkubwa kwa sababu kumbukumbu imemtoka, na nikiingia chumbani ananiita dada, anadhani mimi ni muuguzi, tumeishi wote tangu ujana na hanijui, Shangazi, lakini nikishakaa tu kitini ananiuliza, "Dada, mlimani kukoje leo?"

Mwanzoni nilikuwa napita barabara kuu kama watu wote, sikujua la kumjibu, naye alikuwa anageukia ukuta mpaka naondoka. Siku moja nikapita mlimani makusudi, nikamweleza theluji imefika wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, na kwamba kona ya juu imeganda barafu. Akaketi wima! "Hapo usiguse breki, wewe dada, utaishia bondeni! Nani amekufundisha kuendesha?" Tukazungumza mpaka wakaleta chakula cha jioni, akacheka na kunigombeza kama zamani. Tangu siku hiyo napita mlimani karibu kila siku, na kurudi pia narudia huko huko ingawa hakuna haja, kwa sababu nyumbani hakuna anayeningoja, na garini angalau nina kazi ya kufanya, natazama barabara na kusema kwa sauti yale nitakayomweleza kesho.

Sasa barabara kuu ni kilomita thelathini, ya mlimani ni hamsini na milima mitupu, na pensheni yangu ndiyo hiyo hiyo. Mwaka mpya Noriyuki alikuja kutoka Sapporo, akanijazia tangi mpaka juu, akasema hilo ni la wiki nzima. Siku ya tatu akapiga simu, nami nikaropoka kwamba niko njiani kwenda kuweka mafuta.

"Mama, si nimekujazia juzi tu?"

"Baridi, mwanangu. Baridi inakula mafuta."

"Baridi gani inakunywa tangi zima? Kwenda na kurudi ni kilomita sitini. Gari lako likienda kumi na tano kwa lita, hizo ni lita nne kwa siku. Mama, unakwenda wapi?"

Nikanyamaza. Kisha akauliza kwa ile sauti ambayo watu humsemeza nayo baba yake: "Mama, huwa unapotea njia?"

Nilikata simu. Sasa anasema mwisho wa mwezi anakuja kuchukua funguo, nitakuwa napanda basi na jirani yangu, Bi Odagiri, ambaye Jumanne na Ijumaa huenda mjini kukandwa goti. Huyo Bi Odagiri mwenyewe aliniomba tuwe tunakwenda wote na atachangia mafuta, nikamkatalia, nikasema huwa nina mambo mengi ya kupitia, maana angejua ninavyozunguka, na angenisikia nikiongea peke yangu. Amekuwa akisimama kituoni kwenye theluji na mimi nampita.

Wiki iliyopita nilijaribu kubana matumizi. Nikapita barabara kuu, Shuzo alipouliza nikadanganya, nikasema mlimani anga ni safi, hakuna upepo. Akanitazama sana. "Wewe hujapita kule," akasema, kisha akageukia ukuta.

Nipunguzeje mafuta, Shangazi, bila kumpunguza mume wangu?

Kurokawa Hisae


Bi Kurokawa,

Pole. Pole kweli, na nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kushika kalamu. Lakini sasa nyamaza unisikilize, maana umejiweka mwenyewe kwenye nusu ya matatizo haya.

Tuanze na gari. Mwanao anakisia, na wewe unakisia. Nenda kituo cha mafuta, jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha rudisha ile namba ya kilomita za safari iwe sifuri. Pita mlimani siku mbili, jaza tena vile vile, halafu gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo kwa barabara kuu pia. Sitashangaa ukikuta kule mlimani gari linakwenda kilomita kumi na moja tu kwa lita, yaani lita tisa kila siku badala ya nne. Ndipo utaona kwamba gari lako halina ugonjwa, na wewe pia huna.

Asubuhi usiliache likinguruma uani nusu saa ukinywa chai. Fagia theluji yote, ya juu ya paa pia, maana unaibeba bure, kisha ondoka taratibu, litapata moto njiani. Pima upepo wa matairi, baridi huupunguza, na tairi lililolegea hula mafuta. Na kwenye buti nakuona, usibishe: minyororo ya kuvutia, mifuko ya mchanga, vifaa vya mume wako ambavyo hujavigusa. Acha koleo na blanketi, maana ni majira ya baridi. Vingine shusha. Ukipanda mlima kanyaga mafuta kwa utulivu, ukiteremka ondoa mguu na uache gia ndogo ilishike gari. Haya yote yatakuokolea kidogo. Kidogo tu, sikudanganyi. Kinachomaliza tangi ni njia unayopita.

Kwa hiyo mlimani utapita Jumanne na Ijumaa, kwenda tu. Kurudi ni barabara kuu, na gizani usithubutu tena kupanda kule peke yako, ati kwa kuwa hakuna anayekungoja! Ukitumbukia bondeni nani atamjibu Shuzo? Siku nyingine mbili pita barabara kuu, na siku tatu zilizobaki pumzika. Akiuliza, usimdanganye. Ameendesha njia ile maisha yake yote, atakukamata kila mara. Mwambie, "Leo sikupita, lakini redio asubuhi imesema kuna upepo na theluji inapeperuka." Dereva yeyote anajua kwamba kuna siku mtu hapandi mlima. Huenda siku hizo akageukia ukuta. Kaa naye hivyo hivyo. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, na ningekuahidi ningekuwa mwongo.

Noriyuki mpigie leo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie unapita wapi na kwa nini. Kijana wa watu hakukuombea mabaya, ulimwachia kimya naye akakijaza kwa kile alichokiona kwa baba yake. Na wewe Noriyuki, kama unasoma hapa: hesabu yako ilikuwa sahihi, lakini ungemuuliza mama yako habari zake kabla ya kuuliza habari za tangi. Panda naye gari siku moja, kaa kiti cha abiria, ufunge mdomo. Ukiona anaendesha vizuri, funguo ni zake.

Na Bi Odagiri. Haya, hapo nimekukasirikia. Mwanamke mwenye goti bovu yuko kwenye theluji, nawe unampita na viti vitatu vitupu! Unaogopa atasikia unaongea peke yako, kana kwamba yeye anayeishi peke yake nyumba ya pili haongei na birika lake. Jumanne gonga mlangoni kwake mapema, kabla hajavaa viatu vya kwenda kituoni. Mwambie unapitia mlimani na kwa sababu gani, na mchango wake wa mafuta upokee, usijifanye tajiri. Atakusimulia habari za hilo goti kutoka nyumbani kwenu mpaka mjini, kona kwa kona. Mwache asimulie.

Shangazi Aizawa